Lenzi za Kupigia Picha ya Uso

Mtu wa Mwanhuzi akitaka kupata picha njema ya uso wa guku wake, yaani babu, taabu yake ya kwanza ni nuru. Jua la adhuhuri katika nchi tambarare ya Meatu lashuka wima kabisa. Macho ya mzee hufunikwa na kivuli cha paji la uso, na mashavu yake hung'aa kupita kiasi. Mpiga picha mwenye busara humketisha mzee barazani, au ndani ya mlango akitazama nje, penye nuru laini. Lakini huko nuru ni haba, na ndipo lenzi yenye tundu pana inapohitajiwa. Leo nataka kueleza jinsi lenzi hizo zilivyopatikana kwa kamera ndogo yenye kipima umbali, na ni ipi inayofaa kuchaguliwa. Kwa maana nyingi zingali zikiuzwa kutoka mkono hata mkono, na tundu likizidi upana, bei nayo huzidi.

Mwanzo wa habari ni Vienna, mji wa Austria, mwaka 1840. Kabla ya hapo mtu aliyetaka picha yake alikaa bila kutikisika kwa dakika nyingi, na wengine walitegemezwa kichwa kwa chuma. Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha mji huo, aliazimwa askari wa mizinga waliokuwa hodari wa hesabu wamsaidie, akabuni lenzi ya f/3.6, nayo ikatengenezwa na Voigtländer. Nambari hizo si fumbo. Urefu wa lenzi ni umbali kutoka lenzi mpaka filamu inapotazama vitu vya mbali. F/4 maana yake upana wa tundu ni robo ya urefu huo, na f/2 ni nusu yake. Nambari ikipungua, nuru huzidi: f/2 hupitisha nuru mara 4 ya f/4. Kwa lenzi ya Petzval muda wa kukaa kimya ukapungua hata chini ya dakika moja, na biashara ya studio ikaenea duniani. Ilifika na pwani yetu pia. Unguja palikuwa na studio ya A. C. Gomes katika karne ya 19. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko mwaka 1930, na N. V. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942. Ila katika studio mtu ndiye huiendea kamera, na mkulima wa pamba wa Meatu alikuwa mbali sana na Mombasa.

Kamera iliyoweza kumwendea mtu nyumbani kwake ni ile ndogo ya Oskar Barnack, Leica, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Mwaka 1932 Leica na mshindani wake, Contax ya Zeiss Ikon, zote mbili zilipata kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Chombo hiki chafanya kazi kama macho mawili. Jaribu kutunga uzi katika sindano hali umefumba jicho moja, nawe utafahamu. Madirisha mawili hutazama kitu kimoja, mpiga picha huona sanamu mbili, naye huzungusha lenzi hata zikalaliana. Kadiri madirisha yalivyo mbali, ndivyo kipimo kilivyo sahihi. Katika Contax ya kwanza yaliachana kwa sentimita 10 hivi. Katika Leica kwa sentimita 4 tu.

Hapo ndipo mashindano ya lenzi yalipoanza. Leitz walikuwa na Elmar ya milimita 90, f/4, nyepesi na ya bei nafuu, na Hektor ya milimita 73, f/1.9. (Yasemekana Max Berek, aliyebuni lenzi za Leitz, aliita Hektor kwa jina la mbwa wake, na Summarex kwa jina la mbwa wa pili, Rex.) Ludwig Bertele wa Zeiss alitoa Sonnar ya milimita 85, f/2. Mwaka 1935 Leitz wakatoa Thambar ya milimita 90, f/2.2, iliyokusudiwa kuufanya uso uwe laini kama uliofunikwa na ukungu mwembamba. Mimi sioni faida ya kumfutia mzee mikunjo aliyoipata kwa jembe. Hatimaye ikaja Summarex ya milimita 85, f/1.5, nzito, iliyoanza kutengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mnunuzi asiyepima mambo atasema, "Nipe f/1.5." Na apime kwanza. Mzee akiwa umbali wa mita 1 na nusu, sehemu ionekanayo wazi kwa milimita 85 na f/1.5 ina kina cha sentimita 3 hivi. Kwa f/2 ni karibu 4. Kwa Elmar ya f/4 ni karibu 7. Mzee akigeuza uso kidogo, jicho moja litakuwa wazi na la pili litaingia ukungu. Akipumua na kuegemea nyuma, yote mawili yamepotea. Na nuru iliyoongezeka kutoka f/2 hata f/1.5 haifiki mara mbili.

Kuna jambo jingine, nalo kwetu lina uzito kuliko upana wa tundu. Kila uso wa kioo unaogusana na hewa hurudisha sehemu ya nuru, kama asilimia 4 au 5, nayo hutangatanga ndani ya lenzi na kuvifunika vivuli kwa weupe. Katika picha ya mtu mweusi, vivuli hivyo ndimo umo uso wenyewe: shavu, taya, kina cha macho. Vioo vya Sonnar vimegandishwa katika mafungu 3, kwa hiyo nyuso zigusazo hewa ni 6 tu. Summarex ina 10. Alexander Smakula wa Zeiss aligundua mwaka 1935 namna ya kuvipaka vioo utando mwembamba upunguzao hasara hiyo, lakini lenzi nyingi za kabla ya vita hazina utando huo. Filamu nayo ilikuwa na lawama yake: zile za zamani zisizoona rangi nyekundu zilitia ngozi ya kahawia giza lisilokuwamo.

Baada ya vita ramani ya Sonnar ilisafiri. Warusi walihamisha mitambo ya Contax kutoka Ujerumani, wakatengeneza Kiev tangu 1947, pamoja na Jupiter-9 ya milimita 85, f/2. Wajapani wakatoa Nikkor ya namna hiyo hiyo. David Douglas Duncan wa gazeti la Life aliistaajabia huko Tokyo mwaka 1950, akazichukua lenzi za Nikkor katika vita vya Korea. Mwaka 1954 Leica M3 ikapanua madirisha ya kipimo hata karibu sentimita 7.

Basi mimi ningechagua ya f/2 yenye vioo vilivyopakwa, na kwa mwenye fedha kidogo Elmar ya f/4, akimketisha mzee karibu zaidi na mlango. Anunuaye Jupiter-9 kwa kamera ya Leica na aijaribu kwanza, kwa kuwa aghalabu kipimo chake hakipatani na cha Leica. Apange magunzi 7 ya mahindi mezani kwa mstari wa mshazari, apime gunzi la katikati, apige kwa tundu lote wazi, aisafishe filamu. Ikiwa gunzi lililo wazi ni la 3 au la 5, airudishe lenzi kwa mwenyewe kabla hajamwita mzee barazani.