Kisimbuzi cha milio na kazi yake studioni
Taarifa ya habari ya kitaifa inapomalizika, studio kuu hutuma milio kama ya vitufe vya simu, nasi tunaingiza matangazo ya biashara ya hapa. Kisimbuzi ndicho kinachoitambua. Tunakiunga kwenye risiva, kabla ya mikisa, ili mtangazaji akishusha sauti kiendelee kusikia. Waya mwingine hutoka kwenye relei yake hadi kompyuta inayocheza matangazo. Kila kitufe ni milio miwili kwa pamoja: 5 ni Hz 770 na Hz 1336. Muziki au sauti ya mtu huweza kukidanganya, hivyo tunaweka mfuatano wa tarakimu kadhaa. Kisha tunakijaribu kwa milio kutoka studio kuu. Kisipoitambua, wewe msikilizaji unabaki na ukimya.