Mavazi ya Kinga ya Madereva wa Mbio

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlioko madarasani hivi sasa, nimeombwa kuandika machache ya historia. Nimechagua mavazi ya kinga ya madereva wa mbio za magari, kwa kuwa ndani yake limo somo lisilohusu magari peke yake: mara nyingi ujuzi hutangulia, na utayari wa kuutumia huja nyuma sana, baada ya mazishi.

Mashindano ya dunia ya Formula One yalipoanza mwaka 1950, dereva aliingia garini na shati la pamba, kofia ya kitambaa na miwani ya kuzuia vumbi. Kofia ngumu ililazimishwa mwaka 1952, nayo iliacha uso wazi. Ile inayofunika uso mzima ilionekana mwaka 1968, Mmarekani Dan Gurney alipoivaa.

Adui mkubwa wa enzi hizo alikuwa moto, maana matangi ya petroli yalikuwa karibu na dereva, na pamba huwaka upesi. Mwezi Mei 1964 huko Charlotte, Marekani, dereva Fireball Roberts aliungua vibaya mbioni, akafariki mwezi Julai. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya DuPont ilitengeneza nyuzi ziitwazo Nomex. Nyuzi hizi haziyeyuki wala kuchuruzika kama nailoni. Zikipata joto kali hugeuka kaboni na kunenepa, zikawa ngao kati ya moto na ngozi. Nguo hiyo haimzuii mtu kuungua kabisa. Humpa sekunde chache, na sekunde hizo ndizo uhai.

Lakini nani aliivaa? Tarehe 29 Julai 1973, katika uwanja wa Zandvoort, Uholanzi, gari la Roger Williamson, kijana wa miaka 25, lilipinduka na kuwaka moto, naye akanaswa chini yake. Mwenzake David Purley alisimamisha gari lake, akakimbia, akajaribu peke yake kuliinua. Wasimamizi wa njia walikuwa karibu, ila hawakuwa na nguo za kuzuia moto, hivyo hawakuweza kusogea. Williamson alikufa. Purley alitunukiwa Medali ya George kwa ushujaa wake. Kwa maoni yangu, nishani ile ni heshima kwa mtu mmoja na aibu kwa waandalizi. Nguo zilikuwapo duniani. Hazikuwapo mwilini mwa waliozihitaji.

Kisa cha pili ni cha shingo. Gari likigonga ukuta, mikanda huzuia kiwiliwili, bali kichwa chenye kofia huendelea mbele, na fuvu huweza kuvunjika kwenye kitako chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Profesa Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, pamoja na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio, walibuni kifaa kiitwacho HANS. Ni kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, nayo hufungwa kwenye kofia kwa kamba. Madereva wengi walikikataa, wakisema kinawabana. Tarehe 18 Februari 2001, Dale Earnhardt, bingwa mara saba wa NASCAR, alikufa Daytona kwa kuvunjika fuvu namna hiyo, hakuwa amekivaa. Mwaka uleule NASCAR ikalazimisha vifaa vya aina hiyo, na Formula One ikafuata mwaka 2003. Hesabuni wenyewe: miaka ishirini.

Faida yake ilionekana Bahrain tarehe 29 Novemba 2020. Gari la Romain Grosjean liligonga kizuizi cha chuma kwa mwendo wa kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kulipuka. Alikaa motoni sekunde 27, kisha akatoka mwenyewe, mikono ikiwa imeungua. Kofia, HANS, nguo, na upinde wa titani uitwao Halo juu ya kichwa chake, vyote vilifanya kazi. Grosjean aliwahi kuupinga upinde huo. Baada ya ajali alikiri kuwa bila huo asingekuwa hai. Tena, Daktari Ian Roberts aliyemkimbilia naye alivaa nguo za kuzuia moto. Zandvoort ilikuwa imejibiwa.

Vijana, wengi wenu mtaingia karakana na maabara, na mtapanda pikipiki. Mkipewa miwani, glovu au kofia ngumu, vaeni siku hiyohiyo. Msingoje mwenzenu afe ndipo kanuni iandikwe.