Mbiu ya Mgambo kwa Asiyesikia

Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe iliyopulizwa zamani ili kuwaita watu wasikilize tangazo. Methali hii imejengwa juu ya sikio. Je, asiyesikia atalijuaje jambo lenyewe?

Twende Bwaise, kaskazini mwa jiji la Kampala. Mtaa huu umejengwa bondeni, mahali palipokuwa kinamasi. Mvua kubwa inaponyesha, mifereji hufurika na maji huingia majumbani. Katika mitaa ya namna hii, matangazo mengi hutoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, ambavyo Waganda huviita bizindaalo. Humo hutangazwa chanjo, msiba, mkutano na mtoto aliyepotea. Jirani mwenye kusikia hutoka nje akiwa na habari kamili. Jirani kiziwi huona watu wakikimbia, asijue wanakimbia nini.

Pengo hili lina historia. Utangazaji wa redio ulianza Uganda mwaka 1954, na televisheni ikafuata mwaka 1963. Redio ilikuwa neema kwa asiyeona, lakini kwa kiziwi ilikuwa sanduku bubu. Televisheni ilimpa picha, ikamnyima maelezo. Gazeti nalo lilimfaa yule tu aliyebahatika kupata shule iliyoweza kumfundisha. Kila chombo, basi, kilimfungulia mmoja mlango na kumfungia mwingine.

Walioanza kuusukuma mlango huo ni wenyewe waliofungiwa. Chama cha kitaifa cha viziwi kiliundwa mwaka 1973, na umoja wa kitaifa wa watu wenye ulemavu ukaundwa mwaka 1987. Katiba ya mwaka 1995 iliitaka dola ihimize ukuzaji wa lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na katika ibara ya 41 ikampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni akiwa miongoni mwa wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Miaka 10 baadaye, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2006 ilimwagiza kila mwenye kituo cha televisheni aweke mkalimani wa lugha ya alama, au maandishi kwenye skrini, katika angalau taarifa moja kubwa ya habari kila siku, na katika vipindi maalumu vyenye umuhimu wa kitaifa.

Zingatia mfuatano huo. Haki hii haikutolewa kama sadaka. Ilidaiwa na watu waliojipanga, wakapata viti, kisha wakatunga sheria.

Lakini zingatia pia neno «angalau». Taarifa moja kwa siku ni hatua, ila mafuriko hayangoji saa ya taarifa ya habari. Uchaguzi pia hauwezi kungoja. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, Tume ya Uchaguzi ya Uganda ilizuia mikutano mikubwa ya hadhara na kuwaelekeza wagombea kwenye redio na televisheni. Mpiga kura asiyesikia angewezaje kupima ahadi zilizotolewa redioni? Sheria ya mwaka 2006 imekwisha kufutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2020. Swali hilo, hata hivyo, lingali hai.

Mwanafunzi, sisi hutumia neno «habari» kwa kusalimiana na pia kwa kupashana mambo ya dunia. Kumnyima mtu habari, basi, ni kama kumpita bila salamu. Jioni ya leo, tazama taarifa ya habari ukiwa umezima sauti. Ikimalizika, andika kwa Kiswahili yote uliyoyaelewa, kisha hesabu sentensi zako.