Utamaduni wa kazini, sehemu ya 4: Wodi mbili za Vienna

Mama zangu, leo twende Vienna, Austria, mwaka 1846. Hospitali kuu ya mji ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Mwaka ule, kwa madaktari walikufa kina mama kama 11 katika kila 100, wengi kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga hawakufika 3. Na wanawake walijua jamani! Walipiga magoti wakiomba wasipangiwe ile ya madaktari.

Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis akang'amua: madaktari walitoka kupasua maiti, wakaja kuwapima wajawazito kwa mikono ileile. Akaagiza kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Ndani ya miezi michache vifo vikaporomoka.

Ungedhani wangemshukuru. Lakini pale palikuwa mahali pa ngazi, mkubwa hakosolewi, na nani alitaka kuambiwa kwamba mikono yake ndiyo imeua? Mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa. (Naye alikuwa mkali wa maneno, na kitabu chake alikitoa 1861, amechelewa.)

Nilipoanza kazi nilimwona mkubwa wangu akimgusa mzazi bila kunawa. Nikanyamaza, maana pale hukuthubutu. Nilipo sasa, mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anasema, "Samahani dokta, mikono," na dokta anarudi kwenye sinki bila neno.