Karakana ya Gari la Moshi Ndani ya Kasha la Mbao

Wasomaji wetu waliopata kuingia katika chumba cha maonyesho cha chama wamekiona kielelezo cha karakana ya kutengenezea injini za gari la moshi, kilichowekwa ndani ya kasha la mbao lenye urefu wa mita moja na nusu. Wengi wametuuliza imekuwaje walimu wa Kiswahili wakamaliza likizo mbili nzima wakikata mabati ya mikebe na kubandika karatasi. Jibu fupi ni kwamba tulitaka kuwafundisha wanafunzi majina ya zana. Jibu refu ndilo tutakalo kulieleza hapa, maana kazi ile ilitufunza historia ambayo hatukuwa tukiitafuta.

Sisi tu watu wa Uganda, na kwanza tulidhamiria kujenga karakana ya kwetu. Tulipoanza kusoma habari za injini za mvuke tuliona ya kuwa jambo hilo halina budi kutupeleka Nairobi. Reli ilianza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali pale penye maji baridi tarehe 30 Mei 1899. Mbele palikuwa na miinuko ya Kikuyu na genge la Bonde la Ufa, na hapakuwa na uwanda mwingine mpana kama ule kabla ya kupanda. Basi wahandisi wakaweka hapo bohari, mabanda ya injini na makao makuu ya reli, yaliyohamishwa kutoka pwani mwaka ule ule. Mji ukaota kuizunguka karakana. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Wanafunzi hucheka wasikiapo kwamba ile iliyoitwa Reli ya Uganda haikufika Uganda. Lakini yafaa waambiwe kuwa wakati ule ufuo ule wa ziwa ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ukahamishiwa upande wa pili mwaka 1902. Gari la moshi lenyewe lilifika Kampala mwaka 1931, baada ya kupita Timboroa, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari.

Basi njia ikawa yetu, vituo vikawa vyetu, mabanda madogo ya kuoshea na kukagulia injini tukawa nayo. Lakini injini iliyochoka kabisa ilirudishwa Nairobi ikafunguliwe. Hilo halikumsumbua mtu maadamu shirika la reli lilikuwa moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ikachukua reli iliyokuwa ndani ya mipaka yake, na Uganda ikajikuta ina reli bila karakana kuu. Karakana ya Nalukolongo, Kampala, ilikuja baadaye, na hiyo ni ya injini za dizeli. Sisi tuliokuwa tumejua habari hii kwa maneno tu, tuliielewa barabara tulipojaribu kuijaza karakana yetu ya karatasi vitu vyote vinavyohitajika. Kila tulipodhani tumemaliza, kilikosekana kitu kingine.

Kipimo tulichochagua ni moja kwa hamsini. Reli yetu, ambayo vyuma vyake viwili vimeachana kwa mita moja, ikawa na upana wa sentimita 2, na mtu wa kimo cha wastani akawa na sentimita 3 na nusu hivi. Tamaa yetu ya kwanza ilikuwa kutengeneza Garratt ya daraja la 59, zile injini 34 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Garratt ni injini ambayo boila lake limening'inizwa katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake; kwa hiyo uzito hugawanyika juu ya ekseli nyingi na mwili mrefu hujikunja penye kona. Daraja la 59 lilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na urefu wa zaidi ya mita 30, yaani zaidi ya sentimita 60 kwa kipimo chetu. Ingemeza kasha. Tukachagua daraja la 60, ndugu yake mdogo, aliyekuwa mwepesi kwa kila ekseli. Mwaka wa kielelezo tukauweka 1958.

Kazi ilipokuwa karibu kwisha tulimwalika mzee mmoja aliyefanya kazi karakanani Nairobi tangu ujana wake hadi alipostaafu, aje atukosoe. Alikizunguka kielelezo kimya, mikono nyuma. Kisha akasema, "Walimu, mmejenga stesheni mkaiita karakana."

Tukamwuliza, "Kwa nini, Mzee?"

Akaonyesha pamba tuliyoibandika juu ya bomba la moshi iwe mvuke. Injini iliyoingia kwa matengenezo makubwa haina moto, wala haina maji. Boila limeinuliwa kwa kreni na kupelekwa upande wake. Magurudumu yameondolewa, yako penye mashine ya kukereza. Kilichobaki ni kiunzi kimekaa juu ya magogo kama mtumbwi usiokwisha kuchongwa. Kisha akaokota lundo la makaa tuliloliweka pembeni kwa fahari kubwa, akauliza, "Na haya ni ya nini?" Tulikuwa tumesahau kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili injini hizi zilichoma mafuta mazito. Tukaifungua injini yetu. Hapo tuligundua kuwa injini iliyofunguliwa yataka nafasi kubwa kuliko injini nzima, na kasha likatubana kweli kweli.

Mambo aliyotueleza siku ile yangetosha toleo zima. Maji ya visima huacha ukoko ndani ya boila, kama ukoko wa chungu, na ukoko huo huzuia joto lisipite na kufanya bamba la chuma liungue. Kwa hiyo boila huoshwa kila baada ya safari kadhaa, lakini sharti lipoe taratibu kwanza, ama chuma kitapasuka. Kuta mbili za tanuri hushikanishwa na mamia ya parafujo, na fundi huzipiga moja moja kwa nyundo ndogo akisikiliza. Iliyokatika hutoa sauti iliyokufa. Gurudumu nalo huvishwa ukanda wa chuma cha pua. Ukanda hutengenezwa mdogo kidogo kuliko gurudumu, hutiwa moto hata ukatanuka, huvishwa ungali na moto, na upoapo hubana. Boila likisha kutengenezwa hujaribiwa kwa maji baridi yaliyosukumwa kwa nguvu. Hawatumii mvuke, kwa kuwa maji yakipata upenyo huchuruzika tu, hali mvuke ungemwua aliye karibu.

Tulipoandika majina ya vitu hivi kwenye vibandiko, tuliona jinsi lugha yetu ilivyoingia kazini. Karakana ni neno la Kiajemi lililopitia Bara Hindi, nalo gari lina asili ya huko. Parafujo ni ya Wareno. Spana na boila ni za Waingereza. Mnyapara, aliyewasimamia vibarua, alikuwa kwanza kiongozi katika misafara ya wapagazi, kabla reli haijaiua misafara hiyo. Na mataruma, yale yaliyolala chini ya reli, ni neno la mafundi wa majahazi, waliokuwa wakiziita hivyo mbao za kuimarishia chombo. Mwanafunzi anayedhani Kiswahili hakina maneno ya ufundi na aje asome vibandiko vyetu.

Jambo gumu lilikuwa watu. Tulikuwa tumetengeneza sanamu kumi za waya na udongo, na bila kufikiri tukamsimamisha Mzungu mwenye kofia katikati, Wahindi penye mashine, na Waafrika wakisukuma magurudumu. Mzee hakusema kuwa ni uongo. Kwa miaka mingi vyeo na mishahara ya reli vilifuata rangi ya mtu, na kielelezo kinachoficha hilo kingewadanganya watoto. Alilokataa ni mahali tulipowaweka wale wa chini. "Hawa mmewafanya wapagazi," alisema. "Aliyejua parafujo iliyokufa kwa sauti alikuwa nani?" Tulimpa nyundo mmoja wao tukamwingiza ndani ya tanuri, ambamo haonekani isipokuwa miguu.

Likabaki bamba la jina. Injini za daraja la 60 zilipewa majina ya magavana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na mabamba hayo yakaja kuondolewa baadaye. Mwaka 1958 yalikuwa yangali yamebandikwa, na walimu wawili kati yetu walisema hawatalichora jina la gavana kwa mikono yao. Tulibishana jioni mbili. Mwishowe tulikumbuka kuwa injini inayopakwa rangi upya huvuliwa bamba lake kwanza. Basi bamba letu limeegemezwa ukutani, karibu na ndoo ya rangi, uso wake umeelekea ukuta. Wageni humwuliza mwalimu wa zamu limeandikwa nini, naye huwaambia wainame watazame kwa nyuma, lakini nafasi haitoshi kuingiza kichwa.

Mzee alirudi mara moja tena, akapaka sakafu yetu masizi yaliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa sababu ilikuwa safi mno. Aliihesabu miguu iliyochomoza ndani ya tanuri, akataka tumwongezee yule fundi mwenzake wa kumshikia taa. Tumemwongeza.