Kasri ya Amber: Utii na Fahari

Imezoeleka kusemwa kwamba makasri ya Warajput, kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, ni mwigo tu wa majumba ya Wamughal. Kasri ya Amber, karibu na Jaipur, yaikanusha kauli hiyo. Ni kweli kwamba mtawala wa Amber alimwoza Akbar binti yake mwaka 1562, na kwamba Raja Man Singh, aliyeanza kuijenga kasri hii mnamo 1592, alikuwa jemadari wa Akbar huyo huyo. Lakini utii wa jemadari si utii wa mwashi.

Tazama ukumbi wa baraza, Diwan-i-Am. Jina lake ni la Kiajemi (nasi tunalo neno hilo katika “diwani”), na matao yake ni ya Kimughal. Ila vichwa vya nguzo vimechongwa kwa sura ya tembo, kama walivyozoea wachongaji wa mahekalu ya Kihindu.

Jai Singh I, aliyetawala 1621 hadi 1667, aliongeza Sheesh Mahal. Kuta na dari za humo zimepachikwa vipande vya vioo, hata mshumaa mmoja ukiwashwa, dari yote humeta nyota. Wageni huishia hapo. Mimi naona makao ya wake, yaliyo ya zamani zaidi, yasema mengi kuliko vioo: vyumba vimeuzunguka ua, na ushoroba ulimwezesha mfalme kumwendea mke mmoja bila wengine kujua.

Mwaka 1727 Jai Singh II aliuhamishia mji mkuu uwandani, Jaipur.