Nondo Mwenye Fuvu
Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, nondo mkubwa aliingia bwenini usiku. Mgongoni alikuwa na alama ya fuvu la kichwa, na aliposhikwa alilia kama panya. Wanachuo wakadai ametumwa na mpishi wetu mzee.

Kulipokucha nilimtambua kitabuni: Acherontia atropos, mwizi wa asali mizingani. Nilitaka kuwacheka. Lakini jina la atropos alipewa na Linnaeus, msomi wa Uswidi, mwaka 1758. Na Atropos, kwa Wagiriki wa kale, ndiye akataye uzi wa uhai. Kumbe hata msomi aliona mauti!

Niliwaeleza hayo, tukaenda jikoni kuomba radhi. Mzee alikwisha kuondoka. Hakurudi.